Kengele ya Baiskeli ni Hodi, si Amri

Kuna ubishi ambao hurudi kila mara katika vibanda vya chai vya Kongo, mtaa ulioko Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi. (Msomaji asidhani kwamba nazungumzia nchi ya Kongo. Mitaa yetu ina mazoea ya kujipachika majina ya mbali. Ndiyo maana Kibera nako kuna Lindi, Soweto na Kisumu Ndogo.) Ubishi wenyewe ni huu: je, mwendesha baiskeli anayewakuta watu mbele yake njiani apige kengele, au apenye kimya kimya kadiri atakavyoweza? Wapo wanaoshikilia kwamba kengele ni adabu. Wapo wanaosema kuwa ni kero, tena ni kiburi cha mwenye magurudumu mbele ya asiyekuwa nayo. Na wapo, aghalabu vijana, wanaodai kwamba kengele imepitwa na wakati, na kwamba mtu mwenye akili zake hajingojei kuambiwa ageuke nyuma.

Huenda jambo hili likaonekana dogo mno kuandikiwa makala. Nchi ina madeni, vyuo vikuu havina fedha, na mhadhiri mzima anakaa kuandika habari za kengele! Lakini ajuza aliyevunjwa nyonga kichochoroni hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba taifa lina mambo makubwa zaidi ya nyonga yake. Isitoshe, mimi ni mwanaisimu, na nadhani ubishi huu wa Kongo ni wa lugha kuliko ulivyo wa vyombo vya usafiri. Watu wanabishana juu ya sauti kwa sababu hawajakubaliana inasema nini. Rai yangu ni kwamba kengele iwepo na ipigwe, ila ipigwe kama hodi.

Anayetaka kuuelewa ubishi huu sharti kwanza azifahamu njia zenyewe. Vichochoro vya Kongo havikupimwa kwa ajili ya baiskeli, na kusema kweli havikupimwa kwa ajili ya chochote. Alfajiri, mabawabu waliokesha kwenye malango ya Lavington na Kileleshwa wanarejea kwa baiskeli, hali watunza bustani, waashi na watumishi wa nyumbani wanaelekea huko huko, wengi wao kwa miguu. Njia ni moja. Upande huu pana jiko la mandazi, upande ule pana meza ya sukumawiki, katikati pana mtaro wa maji machafu uliolazwa ubao wa kuvukia, na juu ya ubao huo pana mtoto wa chekechea aliyeshikwa mkono na dada yake. Hapo ndipo baiskeli yenye kreti ya mikate inapotaka kupita.

Kibera mambo ni hayo hayo, na pengine zaidi. Katika Gatwekera na Mashimoni zipo njia ambazo watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kugeuza bega. Ilipofika Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Lami ilikuja, na kwenye lami magurudumu huongeza kasi. Waendao kwa miguu hata hivyo ni wale wale, na mwendo wao ni ule ule.

Zamani baiskeli iliuzwa na kengele yake. Zile baiskeli nyeusi nzito ambazo Wakenya walizizoea kwa jina la Black Mamba zilikuwa na kikombe cha chuma kinachong'aa kwenye usukani, na kando yake kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Mimi nilikulia magharibi mwa nchi, karibu na Busia, mji wa mpakani ambao uliipa Afrika Mashariki neno boda boda. Neno hilo lilianza kwa baiskeli zilizobeba abiria kutoka boda moja hadi nyingine, kabla pikipiki hazijalinyakua. Waendeshaji wa siku hizo walijivunia kengele zao kama mcheza ngoma anavyojivunia njuga zake. Tuliokuwa watoto tuliweza kumtambua mwendeshaji kwa mlio wake kabla hajafika kwenye kona.

Baiskeli za leo nyingi ni za mitumba. Zimeshuka meli zikiwa na gia ishirini na moja na breki za kila aina, lakini kengele hazina; imma hazikuwa nayo, imma ilidondoka safarini. Fundi wa Kongo atakutengenezea mnyororo, atakuzibia mpira, atakunyooshea rimu hadi izunguke kama sarafu. Ukimuuliza habari za kengele atakutazama kama umeulizia kiti cha mtoto. Na mwenye baiskeli naye anasema: nina mdomo, kengele ya nini?

Hebu basi tuutazame huo mdomo. Nilikuwa nimesimama karibu na kituo cha Kongo asubuhi moja mwenye baiskeli alipomgonga mama aliyekuwa amejitwika beseni la omena. Kijana hakuwa na kengele. Gurudumu lilipokuwa hatua mbili kutoka kisigino cha yule mama, alipaza sauti: "Songa!" Mama akasonga. Tatizo ni kwamba alisonga upande ule ule ambao kijana alikuwa ameuchagua apitie. Wote wawili waliishia mtaroni, omena zikatapakaa, na mama akavunjika kifundo cha mkono. Kilichonishughulisha baadaye ni maneno yao. Kijana aliapa, "Nilikwambia usonge!" na mama akamjibu, huku ameushika mkono wake, "Nisonge wapi?"

Swali hilo ndilo somo zima. Neno "songa" ni amri isiyokuwa na mwelekeo. Lilitamkwa likiwa limechelewa, na likamtwika mtu asiyeona jukumu la kuamua kwa niaba ya anayeona. Mama hakuwa na macho kisogoni. Kijana alikuwa na macho mawili mbele na breki mbili mkononi.

Mwanafalsafa J. L. Austin, aliyefundisha Oxford na ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kufariki kwake, alituonyesha kwamba kusema ni kutenda. Mtu akisema "naahidi" haelezi ahadi, anaitoa. Naam, na sauti isiyokuwa na maneno hutenda pia, ilimradi wasikiaji wamekubaliana juu yake. Kengele ya shule haina silabi hata moja, nayo huwainua watoto elfu moja vitini kwa mara moja. Kwa hiyo kuuliza kama kengele ya baiskeli inafaa ni kuuliza nusu tu. Yafaa tuulize pia: inatenda nini? Inaamrisha, inaonya, inaomba, au inatukana?

Lugha yetu haikuwa maskini katika jambo hili. Katika miji ya kale ya pwani, Lamu na Unguja, ambako vichochoro ni vyembamba kuliko vya Kongo, wachukuzi na wenye punda walikuwa na neno lao: simile! Mwenye punda husema "simile punda", na mwenye kubeba ubao hutaja ubao. Edward Steere, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870, alilihusisha neno hilo na bismillahi. (Wanafunzi wa fasihi wasilichanganye na lile la Kiingereza linalomaanisha tashbihi. Hayana udugu.) Mtu alianza kwa jina la Mungu, kisha akataja kile kinachoweza kumdhuru mwenzake. Hakumwita mwenzake kizuizi. Aliutaja mzigo wake mwenyewe kuwa ndio wenye taabu.

Wala msomaji asidhani kuwa adabu hiyo iliishia pwani. Wasukuma mikokoteni wa Kawangware hawajapata kusoma Steere, lakini wasikilize wanapoteremka na madumu ya maji: "Mzigo! Mzigo!" Sarufi ni ile ile. Ni nomino tupu, haina kitenzi cha kuamrisha. Inatoa habari na kumwachia msikiaji heshima ya kuamua. Na mara nyingi mwenye mkokoteni huanza kuita akiwa mbali, maana anajua kwamba chombo chake hakina breki.

Neno lililo karibu zaidi na kengele ya baiskeli, hata hivyo, ni hodi. Mtu mwenye kupiga hodi anakiri kwanza kwamba mahali anapotaka kupita pana mwenyewe. Pili, anaita akiwa nje, si akiwa ameshaingia hadi chumbani. Tatu, na hili ndilo tunalolisahau, aliyeko ndani ana hiari. Desturi yetu ya pwani, iliyopata nguvu katika mafunzo ya Kiislamu, ni kwamba ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, rudi ulikotoka. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba mtu alipiga hodi mara tatu, akakosa jibu, kisha akauvunja mlango na kudai kwamba alikwisha kutoa taarifa. Lakini huo ndio udhuru wa kila siku wa mwenye magurudumu: "Nilipiga, hakusikia." Kama hakusikia, kwa nini wewe hukusimama?

Kibera inatupa mfano wa sauti iliyo kinyume kabisa cha hodi. Reli inapita katikati ya makazi, na watu hutembea juu yake na kutandaza bidhaa kando yake. Honi ya garimoshi ikilia, wauzaji huzoa vitu vyao na watu huondoka bila ubishi. Sauti hiyo ni amri, na ni amri ya haki, kwa kuwa garimoshi haliwezi kukwepa wala kusimama ghafla. Maana yake ni: nakuja, na siwezi kujizuia. Baiskeli, kwa upande mwingine, ndicho chombo chepesi kuliko vyote barabarani. Inasimama kwa vidole viwili. Mwenyewe anaweza hata kushuka na kuibeba begani. Kengele yake ikisema "siwezi kujizuia" itakuwa inasema uongo. Inachoweza kusema kwa ukweli ni: nipo nyuma yako, naomba nipite, na nitangoja.

Kwa bahati mbaya mlio huo mwembamba unaishi katika ujirani mbaya. Pikipiki zilipojaa mitaani zilileta honi ambayo hulizwa mwanzo wa safari hadi mwisho: kumwita abiria, kumsalimu rafiki, kumtukana dereva, kuwafukuza mbuzi. Matatu nazo hupiga honi zikiwa zimesimama. Sauti inayosema kila kitu haisemi chochote, na ndiyo maana mkazi wa Kongo hageuki tena asikiapo honi. Ameshajifunza kwamba mara tisa kati ya kumi haimhusu. Sasa wamezuka na waendesha baiskeli wanaofunga honi za betri zenye mlio kama wa ving'ora vya polisi. Kijana mmoja aliniambia kwa fahari kwamba watu humrukia kando. Nilimwamini. Mtu aliyeshtushwa huruka kwanza na kutazama baadaye, na penye mtaro kuruka ni hatari kuliko kusimama.

Wale walioandika Mkataba wa Vienna kuhusu usafiri wa barabarani mwaka 1968 waliliona jambo hili. Mkataba unataka baiskeli iwe na kengele inayosikika kwa umbali wa kutosha, na papo hapo unaikataza kubeba chombo kingine chochote cha kutoa sauti ya tahadhari. Uholanzi na Ujerumani sheria inadai kengele kwenye kila baiskeli. Uingereza nako baiskeli mpya sharti iuzwe ikiwa na kengele, japo mnunuzi hakatazwi kuing'oa akifika kwake. Utaratibu wa ajabu kidogo, lakini ndio wao. Nchi iliyonivutia zaidi ni Japani. Huko baiskeli hutakiwa kuwa na kengele, lakini sheria ya barabarani haimruhusu mwendeshaji kuwapigia watu ovyo ili wampishe. Ni ya kukinga hatari isiyoepukika. Kwenye njia ya watembeao kwa miguu, mwenye baiskeli ndiye mgeni, na mgeni hapigi kengele kumwondoa mwenyeji.

Wanaoipinga kengele pale Kongo wangefurahi kusikia habari za Japani, nami sina budi kukiri kwamba hoja yao ina uzito. Wanasema kwamba kila kengele inapolia, mzigo wa usalama huhamishwa kutoka kwa mwenye nguvu na kutuliwa kichwani mwa mnyonge. Mwenye baiskeli akishapiga, anajiona ametimiza wajibu wake. Lililobaki ni la mwenye miguu. Hilo ni kweli pale kengele inapokuwa amri. Lakini kuifuta kengele hakumwondolei mwendeshaji kiburi. Kunamwongezea tu ukimya. Sisi tuliosoma hadithi ya panya waliotaka kumfunga paka kengele tunakumbuka kwamba kengele ile ilitakiwa na panya. Paka hakuihitaji. Mnyonge ndiye mwenye faida katika sauti, mradi sauti ije mapema na mwenye kuitoa awe tayari kungoja.

Na kuna watu ambao hawataisikia hata ikija mapema. Katiba yetu ya mwaka 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya na kuitaka serikali iikuze. Watumiaji wa lugha hiyo wanapita katika vichochoro hivi kila siku, na kiziwi havai alama mgongoni ya kumtambulisha kwako wewe unayekuja nyuma yake. Kuna mzee aliyepungukiwa na masikio. Kuna msichana aliyeziba masikio yake kwa visikizi, ambaye wengi wetu hupenda kumlaumu. Mimi simsifu, lakini adhabu ya kusikiliza muziki haiwezi kuwa kuvunjwa mguu. Kuna mtoto, ambaye akisikia kengele hukimbilia kwa mama yake, na mama yuko upande wa pili wa njia. Kwa ajili ya wote hao mwendeshaji anapaswa kushika breki huku akipiga, si baada ya kupiga. Kidole gumba kwenye kengele na vidole vingine kwenye breki. Kiganja kimoja kinatosha kwa kazi zote mbili.

Wapo wanaoniuliza kama sauti ya mtu si bora kuliko chuma. Mtu anaweza kusema "samahani mama" au "nipishe mzee", akataja na upande. Sina ugomvi na hilo; nikiwa hatua tano nyuma ya mzee mmoja katika njia tulivu, ningetumia mdomo. Lakini Kongo si njia tulivu. Makanga wanaita, mhubiri ana kipaza sauti, muuza dawa za panya amerekodi tangazo lake na kulirudia tangu asubuhi. Katika makelele hayo yote ya watu, sauti moja zaidi ya mtu hupotea. Mlio wa chuma hutambulikana kwa kuwa si wa mtu. Tena, hasira haiwezi kupita kwenye kengele kwa urahisi kama inavyopita kwenye koo. Neno "samahani" linaweza kutamkwa likawa tusi.

Nije kwa walimu wenzangu. Katika somo la Kiswahili la shule za upili tunafundisha isimujamii, na ndani yake sajili. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukuchambulia sajili ya matatu, ya sokoni, ya hospitalini na ya mahakamani, pamoja na sifa zake zote, naye akapata alama. Sijaona tukimtuma kuchambua sajili ya kichochoro anachopita kila asubuhi akija shuleni. Nendeni nao siku moja. Waandike nani anaita nani, kwa neno gani, kwa umbali gani, na aliyeitwa alifanya nini. Waulizane kwa nini mwenye mkokoteni anasema "mzigo" na mwenye baiskeli anasema "songa". Nina hakika watarudi na mengi kuliko yaliyomo katika kitabu cha kiada, na baadhi yao ndio watakaokuwa juu ya baiskeli hizo mwaka ujao, wakipeleka mikate.

Kuhusu mafundi, ingetosha kama wangeanza kuning'iniza kengele chache kwenye vibanda vyao pamoja na mipira na minyororo. Mteja hununua anachokiona. Na mwenye baiskeli akishaifunga, aanze kuitumia palipo na nafasi, akiwa bado mbali: mara moja, kisha angoje, mara ya pili, angoje, mara ya tatu. Ikiwa mama mwenye beseni hajageuka, basi ashuke, aisukume baiskeli yake juu ya ubao hadi ng'ambo ya mtaro, na akifika ubavuni pake amwamkie.